Marehemu Anazikwa Alasiri

Tanga, Jumatatu, 3 Juni 2024

Daftari jipya. Riwaya yenyewe sitaianza wiki hii wala ijayo. Kwa sasa nina maiti tu: mwanamume wa makamo, mwenye duka, kakutwa alfajiri kando ya kisima cha uani, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani. Inasemekana kateleza alipotoka kutawadha. Anazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri.

Muuaji namjua tangu masika hayajaanza. Kumjua muuaji ni kazi nyepesi, hata mtoto anaweza kunitajia mmoja. Kinachonila muda ni kurasa za uongo. Kila mhusika nampa ukurasa wake, nauchora safu nne: aliona nini, alisema nini, alinyamazia nini, na anamnyamazia nani. Safu ya nne ikibaki tupu, mtu huyo hana kazi kwangu, namtoa. Leo nimemtoa mwuza kahawa. Alikuwa na maneno matamu kuliko wote, lakini hana wa kumfichia siri.

Alhamisi, 6 Juni

Mwanangu ananiuliza kwa simu kwa nini nimerudi nyuma hadi 1983, wakati wasomaji wangu wengi walikuwa hawajazaliwa. Nikamwambia sababu ni hiyo hiyo aliyoishika mkononi.

Simu imetuharibia ufundi. Leo mtu akiuawa Ngamiani, mpelelezi anaomba orodha ya namba alizoongea nazo marehemu, mnara uliobeba maongezi, na pesa zilizotumwa usiku ule. Tangu laini zianze kufungwa mwaka 2020 kwa wasiojisajili kwa alama za vidole, kila namba ina dole gumba la mtu nyuma yake. Faraji Katalambulla alipotoa riwaya ya Simu ya Kifo mwaka 1965, simu ilikuwa chombo cha mezani chenye waya, kinalia na hujui nani yuko upande wa pili. Sasa simu ndiyo inayomtaja mtu. Sisemi haiwezekani kuandika upelelezi wa leo, vijana wanaandika. Mimi napenda ujumbe uliobebwa na mtu juu ya baiskeli, maana mtu anaweza kuchelewa, akasahau neno, akaongeza lake.

Sababu ya pili ni sukari. Kuanzia Machi mwaka ule Waziri Mkuu Edward Sokoine alitangaza vita na walanguzi. Sabuni, mafuta ya kupikia, sukari, dawa ya meno, vyote vilikuwa vya kupanga foleni, na aliyekutwa na gunia moja zaidi ya haja yake alikuwa na la kujibu. Mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977 na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa Tanga hiyo maana yake ni bahari. Vitu vilikuja usiku, kwa mashua, na kila mtu alijua vinakuja.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia katikati ya Juni hadi Julai. Riwaya yangu itakaa humo.

Jumapili, 9 Juni

Nimechora nyumba. Sianzi sura yoyote kabla ya kujua mlango unafungukia upande gani.

Ni nyumba yetu ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, mlango wa nyuma unaotoka uani. Uani kuna kisima, jiko, bafu na choo. Wapangaji familia tano, na mwenye nyumba chumba cha mbele. Nyumba haina dari. Kuta zinaishia chini ya paa, kwa hiyo kikohozi cha chumba cha kwanza kinasikika chumba cha sita, na kama ni mke na mume wamenuniana, korido nzima inajua nani kaanza.

Sasa hapo ndipo mafunzo ya wenzetu yanapogoma. Padri Ronald Knox wa Uingereza aliandika amri kumi za hadithi ya upelelezi mwaka 1929, na mojawapo inamruhusu mwandishi njia ya siri isiyozidi moja ndani ya nyumba. Ngamiani hata njia ya wazi ina watu wameikalia. Wale waliandika juu ya nyumba kubwa za shamba, wageni kila mmoja na chumba chake cha ghorofani, theluji nje, mlango umekomewa. Hapo swali la nani kafanya lina uzito, kwa kuwa kila mtu angeweza kuwa peke yake. Katika nyumba yangu, mwezi wa Ramadhani, watu wako macho mpaka daku. Mtu hawezi kupigwa uani, saa tisa usiku, asisikike.

Kwa hiyo wanajua. Kufika adhana ya alfajiri wako wanne, kwa uchache, wanaojua kabisa marehemu hakuteleza. Nimeandika hivyo juu ya mchoro, kwa kalamu nyekundu: WANAJUA. Riwaya haitamtafuta muuaji. Itatafuta kwa nini nyumba nzima imefunga mdomo.

Na jibu nimelipata humo humo chumbani. Sukari iko chini ya vitanda vyote sita. Hata balozi wa nyumba kumi, anayeishi chumba cha nne, ana madebe mawili ya mafuta nyuma ya kabati. Ukisema "huyu kauawa", askari wataingia. Wakiingia, watainamisha vichwa chini ya vitanda.

Jumanne, 11 Juni

Majina. Georges Simenon alikuwa akichukua ya kwake kwenye vitabu vya namba za simu, akiyaorodhesha juu ya bahasha kabla ya kuanza. Mimi nachukua kwenye kumbukumbu za darasani: nilifundisha miaka mingi, nachanganya jina la mtoto mmoja na la baba wa mwingine, asitambulike mtu.

Marehemu: Kassim. Mjane: Mwanahamisi. Nahodha: Bakari. Muosha maiti hana jina bado. Kila nikimpa linamkataa.

Mpelelezi: Sajini Mbelwa, Msambaa wa Lushoto. Huyu lazima awe mtu wa milimani. Nitaeleza nikitoka Deep Sea, kwa wavuvi.

Ijumaa, 14 Juni

Nimekwenda Deep Sea asubuhi, samaki wakiwa bado wanashushwa. Kuna mzee pale aliyekuwa nahodha, sasa anatengeneza nyavu za wanawe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo unamuua nani?"

Nikamwambia. Nikamweleza kuwa Bakari, mwenye mashua, atawaambia polisi kwamba jioni ile alifuturu Vanga, upande wa Kenya, akatweka tanga baada ya tarawehe, akaingia Tanga na adhana ya alfajiri, akakuta msiba. Kwa hiyo hakuwepo.

Mzee akaacha uzi. "Mwezi gani?"

"Wa saba, mwanzoni."

"Mashine ina?"

"Haina. Mafuta yenyewe mwaka ule yangetoka wapi?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi huyo mwongo. Wa saba kusi linavuma. Vanga iko kaskazini yetu. Atakuwa anakwenda joshi, anabisha usiku kucha, huku na huku. Alfajiri itamkuta Moa, na hapo umshukuru Mungu. Kwenda Vanga, hiyo sawa, kusi linakusukuma umelala. Kurudi? Aa-aa."

Ndiyo hii. Sikuwa na haja ya tone la damu wala kifungo kilichodondoka. Upepo wenyewe unamkana Bakari, na kila mtu wa pwani ndani ya riwaya anajua hivyo kuanzia dakika ile anayosema. Anayeandika maelezo yake bila kushtuka ni mmoja tu: Sajini wa Lushoto, ambaye kwake upepo ni baridi tu. Ngamiani wanamsikiliza Bakari akidanganya mbele ya serikali, wanatazama miguu yao.

Nikamuuliza mzee, je, umande wa usiku, ule unaotoka nchi kavu, hauwezi kumsaidia ukingoni mwa pwani? Akafikiri. Akasema utamsaidia kidogo, kwa nahodha hodari, siku ya bahati, lakini si usiku mmoja na si na mzigo. Nimeyaandika haya nayo. Msomaji wa Mkinga au Pangani atakuja kuniuliza, na nataka niwe na jibu ndani ya kitabu, si nje yake.

Jumatatu, 17 Juni. Idd

Pilau kwa shangazi. Baada ya kula nikamchokoza kuhusu mwaka ule, naye hachokozeki mara mbili. Anasema walikuwa wakifua kwa majivu na majani ya mpapai, na siku msako ulipovuma mtaani, jirani yake aliamka usiku kutupa doti za khanga chooni. "Khanga mpya! Hazijavuliwa hata karatasi!" Miaka arobaini imepita na bado analilia khanga za mtu mwingine.

Hakutaja jina la jirani. Nilimbana, akaniuliza kama nimeshiba.

Ijumaa, 21 Juni

Wiki nzima niko na muosha maiti.

Niliona mapema kwamba yeye ndiye riwaya, lakini sikujua kazi yake ilivyo ndani. Ustadhi mmoja wa mtaani kanieleza kwa utulivu, hatua kwa hatua. Maiti hufunikwa kitovu hadi magoti. Huanzwa viungo vya udhu, kisha upande wa kulia, kisha wa kushoto, kwa idadi ya witiri, mara tatu au tano, maji ya majani ya mkunazi, na mwisho maji yenye kafuri. Ili kuosha mgongo lazima umlaze ubavu. Kwa hiyo Kassim atalazwa ubavu wa kushoto, na mtu atamwagia maji nyuma ya sikio la kulia, na hapo ataiona: alama iliyonyooka, upana wa vidole viwili. Ukingo wa kisima chetu ni wa mviringo. Ukingo wa kasia umenyooka.

Daktari wa serikali hatamwona marehemu. Nani amwite? Kifo cha kuteleza, mwezi mtukufu, joto. Maiti huzikwa haraka, hiyo ndiyo heshima yake. Kwa hiyo uchunguzi wa pekee wa mwili katika riwaya nzima unafanywa na mtu mwenye kata ya maji, nyuma ya pazia la shuka, na huyo kafundishwa tangu ujana kwamba akionacho pale ni amana. Aibu ya maiti haitolewi nje.

Nikamuuliza ustadhi: na kama si aibu ya maiti, ni aibu ya aliyemuua? Akanyamaza kidogo. Akasema damu ina wenyewe, nao ni warithi. Kuwanyima warithi haki yao si stara. Kisha akaongeza kwamba yeye binafsi hajawahi kukutana na jambo hilo na anamwomba Mwenyezi Mungu asikutane nalo. Hayo aliyoongeza ndiyo yaliyonipa mtu wangu. Huyu si mwoga, wala hajahongwa sukari. Anayo elimu ya kutosha kujua kuwa kuna wajibu wa namna mbili, na kila mmoja unamwita kwa jina.

Jina lenyewe limekuja leo: Mzee Shekue. Na nusura niipe riwaya jina la "Muosha Huoshwa". Nimeliacha. Kila mtu anajua methali hiyo inakoelekea, atakuwa amefika mwisho kabla ya kufungua jalada.

Jumapili, 30 Juni

Rafiki yangu wa ushairi ananiuliza utaratibu wangu wa kazi. Utaratibu! Raymond Chandler alijiwekea saa zisizopungua nne kila siku: si lazima aandike, lakini haruhusiwi kufanya kitu kingine chochote. Simenon alijifungia, sura moja kwa siku, riwaya imekwisha kabla mwezi haujaisha. Agatha Christie aliandika mipango yake ovyo kwenye madaftari zaidi ya sabini, mauaji ukurasa huu na orodha ya vitu vya kununua ukurasa ule. Huyo wa mwisho nitamwelewa.

Mimi nina saa za baina ya sala ya alfajiri na mlango wa kwanza kugongwa. Natumia kalamu. Maongezi kwanza, peke yake, bila "alisema" wala maelezo ya uso. Nayasoma kwa sauti, na pale ulimi wangu unapokwenda kimwalimu nafuta. Mama wa uani hasemi "nilishuhudia".

Lakini kuna kitu kimoja ninachokifanya ambacho sijakisoma kwa mwingine, na sidai ni kizuri. Kabla ya sura ya kwanza naandika sura ambayo haitachapwa: usiku wa mauaji, mwanzo hadi mwisho, kwa mdomo wa muuaji, hakuna kilichofichwa. Ile ya riwaya hii nimeimaliza jana. Bakari aliingia Tanga jioni, siyo alfajiri. Mzigo ulikuwa tayari ufukweni. Kassim alimwambia hatalipa hata senti, na kama anataka alipwe akashitaki polisi. Kwa neno hilo tu. Nilitegemea kumchukia Bakari na nilipofika mwisho wa sura nikawa namdai Kassim. Sura imeingia kabatini. Kazi yake ni kunizuia nisiwadanganye wasomaji: nikiwaficha jambo, niwe najua ni lipi hasa ninaloficha.

Jumapili, 7 Julai. Saba Saba

Nimesoma tena Mzimu wa Watu wa Kale. Muhammed Said Abdulla aliandika kitabu kile mwishoni mwa miaka ya hamsini, kikashinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki, kikatoka 1960. Bwana Msa na kiko chake, Najum akimfuata nyuma: ni kweli wanatoka Baker Street, lakini wakikanyaga Unguja wanazungumza Kiunguja, na ndicho kinachonifanya nirudi. Abdulla alijua watu wanavyosalimiana wakiwa na jambo moyoni.

Kisha wakaja wenye bastola. Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Vitabu vyao nilivisoma kwa tochi chini ya shuka na sitavisema vibaya leo kwa kuwa nimezeeka. Lakini wale wawili hawana bosi anayewatisha. Mpelelezi wangu ana baiskeli ya kituo isiyo na breki ya nyuma, ana mke mjamzito Lushoto, na ana mkuu anayetaka wahujumu uchumi, si wauaji. Kesi ya sukari inampandisha cheo, ya muuza duka aliyeteleza haimpi chochote. Mchapishaji mmoja aliwahi kunirudishia mswada akisema mpelelezi wangu "hana mvuto". Huyu atakuwa hana mvuto zaidi.

Ijumaa, 19 Julai

Sura ya tatu. Kazi yote ni kuuficha upepo.

Mwezi nilishaupanga: usiku wa kuamkia tarehe 28 Ramadhani. Siku za mwezi mpevu hakuna mleta magendo mwenye akili angeshusha mzigo, ufukwe mzima unaonekana. Mwisho wa mwezi ni giza, na ni bamvua. Maji yanajaa alfajiri hivi na tena alasiri, kwa hiyo mashua inakaribia nchi kavu bila kuwabebesha watu magunia matopeni. Haya yote msomaji hatahitaji kuelezwa, ila lazima mimi niyajue, vinginevyo wahusika wataogelea mahali penye mchanga.

Upepo, sasa. Nikiutaja peke yake, msomaji mjanja atauweka mfukoni mara moja. Kwa hiyo nimemfanya Mwanahamisi alalamike mara mbili, juu ya mambo mengine kabisa: kwamba kusi limemwangushia kamba ya nguo, na kwamba samaki wamekuwa ghali tangu wavuvi washindwe kutoka. Kati ya malalamiko hayo nimeweka ugomvi wa chumvi. Kisha Bakari anatoa maelezo yake kwa Sajini, korido nzima ikisikiliza. Hakuna anayeshtuka. Nimeandika tu kwamba Mzee Shekue alikuwa anafunga kitanzi cha kandambili yake na akachukua muda mrefu kuliko kawaida.

Msomaji wa pwani akiliona, atakuwa amekaa pale korido pamoja na wenzake, anajua, na hasemi. Hapo ndipo ninapomtaka. Wa bara atajua baadaye pamoja na Mbelwa, naye ana riwaya yake nzuri tu.

Ijumaa, 2 Agosti

Sura tano zimeshika. Nimeamua mambo mawili ambayo yalikuwa yananinyima usingizi. Kaburi halitafukuliwa: Mbelwa ataandika barua ya kuomba amri ya hakimu, na mkuu wake ataiweka chini ya faili za sukari. Na Shekue atasema. Hatasema kituoni, atamwambia mjane, mwenye damu yake, baada ya eda, mlango ukiwa wazi na watu wanapita. Mwanahamisi akishajua, riwaya inakuwa yake, na mimi mwenyewe bado namsikiliza atafanya nini.

Msomaji wangu wa kwanza ni yule yule, fundi cherehani wa nyumba ya tatu. Hajawahi kumaliza kitabu changu bila kuniletea jina la muuaji mlangoni, mara nyingi akiwa sahihi. Leo nimempelekea sura hizi kwenye bahasha na nimemwomba, safari hii, asinitajie muuaji kabisa, maana atamjua na si kitu. Aniandikie kwa penseli pembeni: ukurasa upi ameanza kumlaumu Mzee Shekue, na ukurasa upi ameacha. Kasema nimpe mpaka Nane Nane, ana nguo za arusi mezani.